Dakika Nne za Sehemu ya Kumi na Moja

Uledi Mbwana alisali alasiri siku hiyo bila kujua amesoma sura gani. Alipomaliza akabaki amekaa kwenye mkeka, akaomba dua ambayo fundi wa televisheni hatarajiwi kuiomba: umeme ukatike. Ukatike Kariakoo nzima, kuanzia Gerezani mpaka Msimbazi, usirudi mpaka kesho. Siku ambazo mtu ana kazi zake unakatika mara tatu. Jumapili ile feni ya dukani ilizunguka tangu asubuhi bila kusita, na televisheni kubwa aliyoiazima kwa jirani ilikuwa imeshatundikwa ukutani.

Wageni walikuwa wanaanza kupanda ngazi. Duka la Uledi lipo ghorofani, Mtaa wa Narung'ombe, juu ya wauza mabegi, na ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba mtu mnene akipanda, anayeshuka inabidi arudi juu kumpisha. Siku za kazi anauza rimoti, antena na vidude vingine ambavyo wenzake walishaacha kuviuza. Lakini watu hawa kumi na tano waliokuja na juisi na sambusa zao hawakufuata rimoti. Walikuwa wapenzi wa "Faili la Gerezani", tamthilia ya upelelezi iliyorushwa mwaka tisini na nane na tisini na tisa, ile ya Inspekta Chambuso na kofia yake, ambayo watu wa umri fulani mjini hapa wakiikumbuka wanashusha pumzi. Wana kundi lao la WhatsApp lenye watu mia mbili na ushee. Humo wanagombana kila siku iendayo kwa Mungu, na mtu wanayemgombania ni mmoja: Humoud Nassor.

Humoud Nassor aliigiza muuaji kwenye sehemu tatu za tamthilia ile, wauaji watatu tofauti wenye sura moja, na hakuna aliyelalamika. Kisha akapewa kuongoza, akaongoza sehemu tano. Ya mwisho kati ya hizo, Sehemu ya Kumi na Moja, aliiongoza na kumwigiza muuaji yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyowagawa watu. Kuelekea mwisho wake Inspekta Chambuso anafika Ilala nyumbani kwa mama wa muuaji. Anabisha hodi, mlango unaanza kufunguka. Hapohapo, bila hata neno, tunamwona Inspekta ameketi barazani, kofia mapajani, analia, na muuaji anapandishwa gari la polisi, mpole kabisa. Mle ndani kulitokea nini? Hatuonyeshwi. Mkato huo wapenzi wanauita Mruko, na kwa miaka tisa sasa kuna wanaousujudia na kuna wanaoutukana.

Na leo, saa kumi na nusu, Humoud Nassor mwenyewe alikuwa anakuja. Ana miaka sabini na tisa, hatoki kwake Upanga ila kwenda hospitali na msikitini, lakini alipopigiwa simu kuambiwa kwamba kuna watu wana Sehemu ya Kumi na Moja na wangependa kuitazama naye, alikubali kabla sentensi haijaisha.

"Akae hapa mbele kabisa," alisema Bi Mwanamize, akiburuta kiti. Yeye ndiye mwenyekiti wa kundi, muuza vitenge mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. "Fundi, mbona umekaa kama umefiwa?"

"Nipo sawa, Bi Mwanamize."

"Hupo sawa. Na leo ni siku yako. Bila wewe mzee wa watu anakuja kutazama nini?"

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna. Kituo kilichorusha tamthilia ile kilikuwa na uhaba wa kanda, kikarekodi juu yake mechi na taarabu mpaka hakikubaki kitu. Kilichobaki kilitoka kwa Uledi. Enzi hizo alikuwa na miaka ishirini na sita na laibrari ya kanda za video mtaani hapahapa, na kila Alhamisi tamthilia ilipoanza alikuwa anairekodi ili awaazimishe wateja. Kila nakala iliyoko leo kwenye flashi na kwenye simu za watu, kutoka Tandika mpaka Toronto, imezaliwa na kanda yake moja. Kundini wanamwita Mlinzi. Akiandika hata "asubuhi njema" tu, anapata vidole gumba arobaini.

Sasa ukweli wenyewe, ambao Uledi hakuwahi kumwambia hata mkewe. Wakati ule laibrari iliyotaka wateja ilikuwa lazima ikate matangazo, maana hakuna mtu aliyeazima kanda ili aende kutazama sabuni. Kwa hiyo unakaa mbele ya deki, kidole kwenye kitufe cha pozi. Matangazo yakianza unabonyeza, kanda inasimama. Yakiisha unabonyeza tena, kanda inaendelea. Uledi alikuwa hodari wa kazi hiyo na mtaa mzima ulijua. Mara moja tu katika maisha yake alibonyeza matangazo yalipoanza, na yalipoisha akasahau kubonyeza tena. Alikuja kushtuka zimepita dakika nne, na Inspekta Chambuso alikuwa keshatoka ndani, ameketi barazani, analia.

Mruko haukuwahi kuwepo. Ulikuwa ni uzembe wa Uledi.

Angesema mapema yangeisha. Lakini kanda ile ilikaa kabatini miaka mingi bila mtu kuiulizia, mpaka walioitazama Alhamisi ile wakasahau, na siku ilipotoka tena, kabla hajafungua mdomo, Bi Mwanamize alikuwa ameshaandika makala ndefu kwamba ule ni ujasiri wa mwongozaji asiyemwona mtazamaji kama mtoto wa kulishwa. Makala ikasambaa. Akaitwa redioni kuizungumzia. Uledi akajiambia atasema kesho, na kesho hiyo ikawa miaka tisa. Sasa amekalia kuti kavu. Tangu juzi alikuwa anaiona picha kichwani: mzee anageuka kwenye kiti, anauliza nani kakata hapa, na watu kumi na tano wanamtazama Mlinzi.

Ubishi ulikuwa umeshaanza bila kumngoja mgeni.

"Mimi nitamuuliza usoni," alisema Bwana Elimringi, karani mstaafu mwenye suruali iliyopigwa pasi kwa hasira. "Nitamwambia, Mzee, shikamoo, heshima yako ipo palepale, lakini ulitudhulumu. Tamthilia ya upelelezi ni swali. Nani kaua, na kabanwaje. Wewe umetuuliza swali saa nzima, halafu jibu ukalifungia ndani ya nyumba ya watu."

"Jibu liko usoni kwa Chambuso, pale barazani," alisema Bi Mwanamize. "Wewe unataka kila kitu utafuniwe."

"Uso hauendi mahakamani, mama. Na tangu huyu mzee akabidhiwe kuongoza, tazama mwenyewe, Chambuso hamkimbizi tena mtu. Anakaa. Anakunywa chai. Anauliza habari za watoto. Sehemu ya Nane amekalia stuli ya fundi viatu dakika sita nzima, nimezipima."

"Na katika hizo dakika sita tumejua fundi viatu anadanganya, kwa sababu anashona kiatu kilekile mara mbili. Kabla ya Humoud kulikuwa na nini? Polisi wanakimbizana na wezi uchochoroni, filimbi, vumbi, basi. Yeye ndiye aliyemfanya Chambuso akawa mtu."

"Alimfanya awe kama yeye. Mwigizaji akipewa kuongoza anataka wote waende taratibu ili waonekane wanafikiri. Na huo Mruko nitakwambia ni nini. Wivu. Mle ndani Chambuso alicheza vizuri kumshinda, mzee akaona anafunikwa, akakata."

Watu wakaguna. Mmoja nyuma akasema hilo sasa ni tusi, mwingine akasema hata yeye alishawahi kuliwaza. Uledi alikuwa ameinama nyuma ya deki yake ya zamani, anachomoa na kuchomeka waya uleule kwa mara ya nne, na masikio yalikuwa yanamwaka moto. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anaitwa mwenye wivu kwa kosa la kidole cha mtu mwingine.

"Fundi, na wewe?" aliuliza Elimringi. "Miaka yote hii hujawahi kusema uko upande gani."

"Mimi kazi yangu kutunza," alisema Uledi, akaurudia waya wake.

Saa kumi na nusu kamili bajaji ilisimama chini. Uledi akashuka kuwapokea. Mzee Humoud alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia mpya, mrefu bado, ila miguu imekwisha. Binti aliyemshika kiwiko alikuwa mjukuu wake, Huda, mwanafunzi wa chuo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kanda?"

"Ndiye mimi."

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuuachia upesi. "Mungu akulipe," alisema. "Hujui ulichonifanyia."

Kisha akashika ukuta, akaanza kupanda, ngazi moja moja, akipumzika kila baada ya tatu. Uledi na Huda wakabaki nyuma yake, wakimngoja.

"Samahani, anko, kama amekuwa na maneno mengi," Huda alisema kwa sauti ya chini. "Tangu juzi hajalala vizuri. Hiyo kanzu kaivaa tangu saa tatu asubuhi."

"Ni kawaida. Mtu anapenda kuona kazi yake."

"Wala si kazi. Anakuja kumwona bibi."

Uledi akamtazama.

"Yule mama wa Ilala, kwenye hiyo sehemu ya kumi na moja," alisema Huda. "Ni bibi yangu, Bibi Sophia. Mwigizaji waliyempanga hakutokea, babu akamtoa bibi jikoni, wakampaka unga kichwani awe na mvi. Alikuwa na miaka arobaini na nne, eti anamwigiza mama wa mume wake. Akakubali ila jina lake lisiandikwe, kaka zake wangekuja juu." Akatabasamu kidogo. "Alifariki mwaka niliozaliwa mimi. Tuna picha zake tatu. Sauti hatuna. Babu anasema sauti yake imemtoka, anaitafuta haioni. Nilimwekea hii sehemu kwenye simu, akakataa, akasema hawezi kumtazama mke wake kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Mimi pia sijaitazama, namngoja yeye."

Uledi alishika chuma cha ngazi. Mpaka dakika ile hofu yake ilikuwa ya kuumbuka, na kuumbuka mtu huzoea. Hii ilikuwa hofu nyingine. Mle ndani ya nyumba ya Ilala alikuwemo mke wa mtu, na yeye ndiye aliyemfuta. Alitaka kumwambia binti palepale, mdomo ukagoma. Juu, watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi.

Mzee akakalishwa mbele. Bwana Elimringi, aliyekuwa na maswali ya mahakamani, alitoa shikamoo mara mbili kisha akarudi kukaa kimya. Bi Mwanamize akasema maneno machache ya kumkaribisha, akamwita mwongozaji aliyetufundisha kutazama, akasema maswali baadaye, kwanza tutazame. Wote wakamgeukia Uledi.

Akabonyeza. Muziki ukaanza, chumba kikashusha pumzi.

Dakika ya kwanza mpaka ya thelathini na moja, Uledi alizihesabu zote. Angeweza kusema deki imekula kanda, madeki ya zamani yanakula kanda, nani angebisha? Lakini Bi Mwanamize alikuwa na flashi kwenye pochi, na Elimringi alikuwa nayo kwenye simu, na kila mmoja mle ndani angekimbilia kumsaidia mzee kuona. Angeweza kuiacha ipite, watu wapige makofi kwenye Mruko kama kawaida yao. Akamtazama mzee. Sura yake ya zamani ilikuwa inapita pale kwenye kioo, inadanganya polisi, inatoroka Feri kwa mtumbwi, na mwenyewe hakuijali hata kidogo. Alikuwa kama mtu aliye stendi anayetazama mabasi ya watu wengine.

Inspekta Chambuso akafika Ilala. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu, akaivaa. Akautafuta mkono wa Huda, akaushika. Chambuso akabisha hodi. Mlango ukaanza kufunguka.

Uledi akabonyeza pozi.

Picha ikasimama, mlango uko wazi kiasi cha upana wa kiganja, ndani giza.

"Fundi, vipi tena?" aliuliza Bi Mwanamize.

"Nimesimamisha mimi," alisema Uledi. Akaja mbele, akasimama kati ya televisheni na mzee, na hakujua pa kuweka mikono. "Mzee, nisamehe. Hapa mbele hakuna kitu. Hakuna Mruko, Bi Mwanamize. Hukukata wewe, Mzee, wala hukuwa na wivu. Nilikata mimi. Nilibonyeza pozi wakati wa matangazo, nikasahau kuachia. Zimepotea dakika nne. Nimekaa nalo miaka yote hii kwa sababu nilikuwa naogopa."

Elimringi akasimama. "Miaka tisa," alisema taratibu. "Mimi na shemeji yangu hatusalimiani kwa ajili ya kitu hicho. Kumbe ni kidole chako."

"Nilisema redioni," alisema Bi Mwanamize, si kwa hasira, kama mtu anayejikumbusha. Akavuta ushungi mpaka mdomoni.

Mzee Humoud hakuwasikia. Alikuwa anautazama ule mlango. "Kwa hiyo hayumo," alisema.

"Hayumo, Mzee."

"Hakuna kanda nyingine? Hata mbovu?"

"Hakuna. Wallahi ningekuwa nayo ningekuletea kwa miguu."

Huda alikuwa amefunika uso. Uledi akatamani apigwe, atukanwe, chochote. Mzee alipozungumza sauti yake ilikuwa ya mtu wa kazi anayemuuliza mwenzake.

"Nimeambiwa ulikuwa hodari wa kukata matangazo. Ulisahauje?"

"Kwa sababu yake," alisema Uledi. "Matangazo yaliisha, mlango ukafunguka, akatokea yule mama. Kidole changu kilikuwa hapahapa juu ya kitufe. Nikamtazama. Sikukumbuka tena kama nina kidole."

Mzee akainua macho. "Wewe ulimwona."

"Nilimwona mwanzo mpaka mwisho."

"Nisimulie."

Uledi akavuta stuli, akakaa mbele yake, magoti yao yanakaribia kugusana. Huda akatoa simu, akaanza kurekodi. Uledi akasimulia: Inspekta aliingia na hakusema kilichomleta, na mama hakuuliza. Alikuwa amepakua chakula. Akaongeza sahani ya tatu, akamwita mwanawe atoke chumbani aje ale. Mwana akatoka, akamwona polisi, akaangalia mlango wa uani. Mama hakupiga kelele wala hakumwomba mtu. Alichukua birika na beseni, akamwendea mwanawe, akamnawisha. Mikono yote miwili, mpaka kwenye viwiko, taratibu, kama mtoto aliyetoka kuchezea udongo. Chambuso amesimama na pingu, anangoja amalize.

"Alijifunga khanga gani?" mzee aliuliza.

Alijaribiwa kubuni rangi, akaacha. "Sikumbuki, Mzee."

"Ya zambarau. Ilikuwa yake mwenyewe. Alisema nini pale?"

"Si uliandika wewe?"

"Niliandika ukurasa mzima. Hakusema hata mstari mmoja. Alisema vyake, vifupi, nikaona vinavishinda vyangu, nikaviacha. Hivyo ndivyo vilivyonitoka." Akasogea mbele kwenye kiti. "Usiniambie maneno tu. Sema kama alivyosema yeye."

Uledi ni mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na alikuwa mbele ya watu kumi na tano ambao dakika kumi zilizopita walikuwa wanamheshimu. Aliona haya mpaka shingoni. Akamtazama Elimringi, akitarajia kuchekwa. Elimringi alikuwa kwenye rafu, anamimina skrubu zote kutoka kwenye bakuli la plastiki. Akalileta, akaliweka sakafuni kati yao. Bi Mwanamize akafungua chupa yake ya maji, akampa Uledi.

Mzee akakunja mikono ya kanzu. Akanyoosha mikono yote miwili juu ya bakuli, akainamisha kichwa, akafumba macho.

Uledi akamimina maji kidogo. "Lete mikono, mwanangu," alisema. "Wakiifunga, waifunge ikiwa safi."

"Hapana," alisema mzee, macho yamefumbwa. "Hakuwa na huruma pale mwanzo. Alikuwa ananiamuru. Rudia."

Uledi akarudia.

"Shusha mwisho. Hiyo 'safi' ilikuwa inashuka, karibu haisikiki. Alikuwa anasema hivyo hata nyumbani." Pumzi zilikuwa zinampanda. "Rudia."

Uledi akarudia, akashusha. Mzee akatikisa kichwa, akasema bado, polepole zaidi, yeye hakuwa na haraka. Maji yakawa yanatiririka vidoleni mwake na kumwagikia kanzu, na hakuna aliyesogea kuifuta.

Mara ya nne hakusahihisha kitu. Alibaki ameinama, mikono imenyooshwa, machozi yanamdondoka ndani ya bakuli, na Uledi akaendelea kummiminia mpaka chupa ikaisha.